Kamati ya Tathmini Haina Shida na Historia ya Maisha Yako

Juzi nimeletewa andiko la zabuni ya serikali "nilipitie kidogo tu" kabla halijapandishwa kwenye mfumo. Wanaosema kidogo tu huwa wameshachelewa. Sehemu ya mbinu za kazi ilikuwa imenyooka kweli, ratiba inaeleweka, michoro ya rangi. Nikasogea hadi sehemu ya wataalamu wakuu, yaani watu watakaoifanya kazi yenyewe, na hapo ndipo nilipokunja sura. Kiongozi wa timu ana wasifu wa kurasa 19. Unaanza na shule ya msingi. Unapita kwenye semina ya siku mbili ya matumizi ya kompyuta. Unamalizikia kwa wadhamini watatu na taarifa kwamba mheshimiwa anapenda kusoma, kusafiri na kutazama mpira. Kazi pekee inayofanana na ile inayoombwa imejificha ukurasa wa 11, mistari miwili, tarehe hakuna.

Wa pili ameandikwa kwa muundo mwingine kabisa. Wa tatu ni skani iliyopinda. Wa nne bado anaomba ajira: "Natafuta nafasi katika taasisi yenye fursa za kukua." Ndugu yangu, nafasi umeshapewa, tunachotafuta sasa ni alama!

Nilipouliza kulikoni, nikajibiwa kwa utulivu mkubwa: "Hizo CV ni viambatisho tu."

Viambatisho. Haya, twende kwenye hesabu. Katika nyaraka sanifu za Benki ya Dunia za kuomba mapendekezo ya washauri elekezi, alama 100 za kiufundi zimewekewa mipaka. Uzoefu wa kampuni hupewa kati ya 0 na 10. Mbinu na mpango kazi, 20 hadi 50. Wataalamu wakuu, 30 hadi 60. Kwa hiyo zile kurasa za mwanzo ambazo mkurugenzi huzirekebisha mara saba, zenye dira, dhamira na picha ya jengo la ofisi, huenda zote kwa pamoja zisifikie alama za kiongozi wa timu peke yake. Ukiingia ndani zaidi, alama za kila mtaalamu nazo zinagawanywa. Sifa za jumla, yaani elimu, mafunzo na uzoefu kwa ujumla, ni asilimia 10 hadi 20. Uzoefu wa ukanda husika hauzidi 10. Kufaa kwake kwa kazi hii mahususi ni asilimia 60 hadi 80. Shahada tatu za mtu wenu zinagombea kipande kidogo kabisa, halafu nyinyi mmezipa ukurasa mzima wa kwanza.

Fomu yenyewe ya wasifu ya Benki ya Dunia imejaribu kuwasaidia. Ina jedwali la safu mbili: kushoto majukumu aliyopangiwa mtaalamu kwenye timu, kulia kazi alizowahi kufanya zinazoonyesha kwamba anayaweza. Mtu angetegemea hapo ndipo jasho litoke. Nimeliona jedwali hilo likijazwa maneno mawili: "Tazama juu." Juu wapi?

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo linalonikera kuliko yote. Waandishi wengi wa zabuni wanamwona mtathmini, yaani mjumbe wa kamati anayetoa alama, kama mgeni wa kumvutia, kwa hiyo wanammwagia sifa: mtaalamu mbobezi, mchapakazi, mwenye weledi wa hali ya juu. Niliowahi kufanya nao kazi hawakuwa na hamu ya kuvutiwa. Walikuwa na rundo la maandiko mezani, kila andiko na wasifu zake tano au nane, na kazi zao za kila siku zikiwangoja. Mtathmini anajaza alama zake peke yake kwanza. Kisha anakaa na wenzake, na kama amempa mtu 85 na jirani yake amempa 60, lazima mmoja aeleze. Baadaye mzabuni aliyeshindwa analeta malalamiko, na mkaguzi anakuja miezi mingi mbele akiwa na kalamu yake. Kila mmoja wao anauliza swali lile lile: kwa nini ulimpa alama hizi?

Mtathmini anahitaji sentensi moja na namba ya ukurasa. Akizipata ndani ya wasifu, anazinakili kwenye karatasi yake ya alama na kuendelea. Asipozipata, ataandika "haijaonyeshwa wazi" na kukata, hata kama moyoni anahisi kwamba huyu mtu anaiweza kazi. Haruhusiwi kutoa alama kwa hisia. Kwa hiyo kazi yako wewe unayeandaa wasifu ni kumwandikia ile sentensi atakayoinakili. Kila mstari usioweza kuingia kwenye karatasi ya alama unamchosha bure.

Chukua mfano wa nafasi ya mhandisi mkazi kwenye mradi wa maji. Wasifu unasema: "Alihusika katika mradi mkubwa wa maji uliohudumia maelfu ya wananchi." Alihusika vipi? Aliendesha gari? Hadidu za rejea, yaani maelezo ya mteja ya kazi na sifa anazotaka, zinadai usimamizi wa mkandarasi wa ulazaji mabomba kwa miezi isiyopungua 24. Basi andika: "Mhandisi mkazi, Machi 2017 hadi Novemba 2019, miezi 33. Alisimamia mkandarasi katika ulazaji wa kilomita 64 za bomba kuu, alikagua na kuidhinisha hati za malipo za kila mwezi, aliongoza majaribio ya shinikizo na kuandaa ripoti ya makabidhiano." Mtathmini ana miezi yake, ana jukumu lake, amemaliza. Na tumia maneno ya hadidu zenyewe. Wao wakisema usimamizi wa mikataba ya ujenzi, wewe usilete uratibu wa miradi ya maendeleo eti kwa sababu unasikika vizuri. Mtathmini anatafuta maneno yake mwenyewe.

Miezi nayo inahesabiwa, jamani. Mtu anatangaza miaka 20 ya uzoefu, ukijumlisha kazi zinazofanana unapata miaka minne, na humo ndani kuna miradi miwili iliyoingiliana tarehe, yote akiwa muda wote wa kazi, sehemu mbili tofauti. Mtathmini mwenye kikokotoo atakukamata, na akishakukamata hapo, hata yale ya kweli atayasoma kwa jicho la kando.

Kosa jingine ni kusimulia mradi badala ya mtu. Aya nzima inaeleza mradi ulijenga nini, ulifadhiliwa na nani, ulizinduliwa na kiongozi gani. Mtaalamu wetu anatokea mwishoni kabisa, kama mtu aliyepigwa picha ya harusi akipita tu nyuma ya maharusi.

Najua mtaniambia fomu imeshapangwa, haibadilishwi. Kweli, na ukithubutu kuipanga upya unaweza kuondolewa kabla hata ya kusomwa. Lakini fomu inakupangia masanduku, haikupangii cha kuandika ndani yake. Tazama Marekani, ambako kwa sheria ya mwaka 1972 inayoitwa Brooks Act serikali ya shirikisho inawachagua wasanifu majengo na wahandisi kwa sifa kwanza, bei inajadiliwa baadaye na aliyeshika namba moja. Fomu yao, SF 330, inampa kila mtaalamu nafasi ya miradi mitano tu. Mitano! Unalazimika kuchagua. Kisha sehemu ya G ya fomu hiyo ina jedwali linalokutanisha majina ya wataalamu na miradi kumi ya mfano ya timu, unaweka alama pale ambapo mtu fulani alifanya mradi fulani. Maana yake serikali inauliza jambo ambalo wanunuzi wote wanajiuliza kimyakimya: waliofanya kazi hizo nzuri ndio mnaotuletea, au walishahama? Jedwali hilo ningeliiba na kuliweka kwenye sehemu ya timu ya andiko lolote, ilimradi masharti ya zabuni hayakatazi.

Nitakubali jambo moja, shingo upande. Wapo wakongwe ambao wasifu wao ni fujo tupu na bado wanapita, kwa sababu kamati ilichimba yenyewe ikapata kilichotakiwa. Inatokea. Ila sijui kwa nini mtu ajenge biashara yake juu ya uvumilivu wa mtu aliyechoka.

Kuna la majina hewa pia, na hapa sitanii. Mnaweka jina la mtu ambaye hamjazungumza naye tangu zabuni ya mwaka juzi, mnanakili wasifu wake kutoka kwenye kompyuta, mnabandika saini ya picha. Fomu ya Benki ya Dunia ina tamko ambalo mtaalamu anathibitisha kwamba maelezo ni sahihi na kwamba atapatikana kwa kazi hiyo, na inasema wazi kuwa uongo unaweza kumletea vikwazo. Ni jina lake mnalolichezea hapo, hata kama zabuni ni ya kampuni. Mkiitwa kwenye majadiliano ya mkataba, sharti la kwanza ni kuthibitisha kwamba wataalamu wakuu wote wapo, na mkishindwa, mteja anaweza kuwaacha akamwita anayefuata. Ujanja wa kuweka wawili kwa nafasi moja ili mteja achague nao umezibwa: wasifu mmoja kwa kila nafasi, ukizidisha pendekezo zima linakataliwa. Na huko Marekani, GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge inayosikiliza malalamiko ya wazabuni, imeshikilia kwamba mtaalamu muhimu akiondoka baada ya pendekezo kuwasilishwa na kabla ya mkataba kutolewa, mzabuni ana wajibu wa kumjulisha mteja. Mahakama ya madai ya shirikisho haikukubaliana nayo katika baadhi ya kesi, lakini sitamani kampuni yoyote iwe uwanja wa kupimia ubishi huo.

Madogo madogo: picha, dini, hali ya ndoa, idadi ya watoto. Kama hayajaombwa, toa.

Haya yote yanatokana na mpangilio wa kazi. Wasifu huachiwa kijana aliyeajiriwa karibuni, siku mbili za mwisho, naye anatuma ujumbe kwa kila mtaalamu: "Naomba CV yako ya sasa." Atapewa nini zaidi ya ile ya siku zote? Mtaalamu hajui hadidu zinadai nini, kwa hiyo hajui kipi katika maisha yake kina thamani wiki hii. Mhandisi mmoja aliwahi kuniambia, tulipokuwa tukijaza pamoja, kwamba kuna kazi ya fidia na uhamishaji wa wakazi aliiacha kwa sababu ilikuwa ndogo. Zabuni ile ilikuwa imeweka alama za uzoefu wa fidia peke yake. Ilimchukua nusu saa ya mazungumzo kuikumbuka, na hakuna fomu ambayo ingeitoa kichwani mwake. Mpigieni simu mtu, hadidu zikiwa mkononi, mkampitisha sharti moja baada ya jingine.

Na nyinyi wataalamu, tunzeni kwenu wasifu mrefu kadiri mnavyotaka, wenye kila kazi na kila mwezi, hata na mpira mkipenda. Huo ni wa kabati. Mtu akiomba wasifu wako kwa ajili ya zabuni, mwombe kwanza hadidu za rejea na jina la nafasi. Akikurudishia faili lililojazwa, lisome lote kabla ya kuweka saini, hasa zile tarehe.