Marufuku ya bampstoki na hoja ya wamiliki wa bunduki ambayo haikusikilizwa

Tarehe 5 Oktoba 2017, siku nne baada ya mtu mmoja kufyatua zaidi ya risasi 1,000 kutoka ghorofa ya 32 ya hoteli ya Mandalay Bay jijini Las Vegas na kuwaua watu 60 waliokuwa kwenye tamasha la muziki, chama kikubwa cha wamiliki wa bunduki nchini Marekani, NRA, kilitoa tamko ambalo wengi hawakulitarajia. Kilisema kwamba vifaa vinavyoiwezesha bunduki ya nusu otomatiki, yaani inayotoa risasi moja kila kifyatulio kinapobonyezwa, kufanya kazi kama rashasha vinapaswa kuwekewa masharti zaidi, kikaitaka idara ya serikali inayosimamia silaha, ATF, ivichunguze upya. Chama kingine cha wamiliki, Gun Owners of America, kilipinga, na serikali ilipotoa kanuni ya marufuku kikaenda mahakamani. Sisi tunaotazama kwa mbali, tuliozoea nchi ambamo raia hupewa bunduki kwa kibali cha serikali na wala si kwa haki ya kikatiba, tuliwaona hao wa kwanza kuwa na utu na hao wa pili kuwa na roho ngumu. Nadhani tuliwasoma vibaya wote wawili.

Kifaa chenyewe, bampstoki, ni kitako cha bunduki kinachoteleza. Mpiga risasi huweka kidole mahali pamoja bila kukisogeza, huku mkono wa pili ukiisukuma bunduki mbele. Risasi ikitoka, kishindo chake huirudisha bunduki nyuma na kifyatulio huachana na kidole. Mkono wa mbele ukiisukuma tena, kifyatulio hukigonga kidole na risasi nyingine hutoka. Mwendo huo hujirudia kwa kasi kubwa, risasi 400 hadi 800 kwa dakika kwa mujibu wa maelezo yaliyofika Mahakama ya Juu.

Wamiliki waliounga mkono marufuku walikuwa na hoja yenye uzito, na sitaki kuipunguza. Kifaa hiki hakimsaidii mwindaji, kwa kuwa bunduki inayotikisika namna hiyo hailengi sawasawa. Wala hakimfai anayejilinda nyumbani, ambaye anapaswa kujua kila risasi yake inaishia wapi. Hufaa zaidi kwa burudani ya kumwaga risasi uwanjani. Burudani hiyo ikiwekwa kwenye mizani pamoja na maiti za Las Vegas, mtu mwenye dhamiri hahitaji muda mrefu kuamua. Wapo pia waliosema kwamba kung'ang'ania kifaa kisicho na faida kutawaponza wenye bunduki wote, kwa sababu taifa lenye msiba halitaishia kwenye vitako.

Waliopinga, hata hivyo, hawakuwa wakibishana juu ya manufaa ya kitako. Walikuwa wakiuliza ni nani mwenye mamlaka ya kukiharamisha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 inaitambua rashasha kuwa silaha inayotoa, yenyewe, zaidi ya risasi moja kwa tendo moja la kifyatulio bila kupakiwa upya kwa mkono. Maneno hayo ya Bunge yalipaswa kutafsiriwa na ATF, na ATF iliyatafsiri. Mwaka 2010 idara hiyo ilimwandikia mtengenezaji wa bampstoki kutoka Texas kwamba kifaa chake hakina springi wala sehemu inayojiendesha, kwa hiyo ni sehemu ya kawaida ya bunduki isiyodhibitiwa na sheria hiyo. Si barua hiyo peke yake. Kwa zaidi ya mara 10, chini ya marais wa vyama vyote viwili, idara ilifikia jibu lilelile. Watu walinunua kwa kuamini neno la serikali lililoandikwa kwenye karatasi yenye nembo yake.

Kisha, Februari 2018, baada ya mauaji ya shuleni Parkland, Florida, ambako bampstoki haikutumika kabisa, Rais Trump aliagiza marufuku ipatikane kwa njia ya kanuni. Tarehe 26 Desemba mwaka huo kanuni ilichapishwa: kuanzia 26 Machi 2019 kila bampstoki ingehesabiwa kuwa rashasha. Bunge halikuwa limebadili hata nukta moja ya sheria ya 1934. Na kwa kuwa sheria nyingine, ya mwaka 1986, inawazuia raia kumiliki rashasha mpya, mwenye kifaa hakupewa hata nafasi ya kukisajili na kukilipia kodi. Akiharibu au akisalimishe, bila fidia, la sivyo akabiliwe na kifungo kinachoweza kufika miaka 10.

Hapa kuna takwimu ambayo sijaweza kuipita haraka. Katika kanuni hiyo ATF yenyewe ilikadiria kwamba bampstoki zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa kati ya 280,000 na 520,000. Tuitazame vizuri. Pengo baina ya namba hizo mbili ni vifaa 240,000, karibu sawa na kadirio la chini lenyewe. Serikali haikuwa na rejista, kwa sababu kwa miaka yote hiyo ilikuwa imesema kwamba rejista haihitajiki. Kwa hiyo ilitoa amri yenye adhabu ya jela kwa watu ambao haikuwajua kwa majina, wala anwani, wala hata idadi, ikitegemea kwamba kila mmoja wao angesikia habari ndani ya siku 90 na kukivunja kitako chake mwenyewe. Mkulima asiyefuatilia habari, aliyekinunua kifaa dukani mwaka 2012 na kukisahau stoo, angeamka asubuhi ya 26 Machi akiwa na kosa la jinai ambalo usiku uliotangulia halikuwepo. Hakuwa amefanya lolote. Kilichobadilika ni maoni ya ofisi. Mtu anaweza kuichukia bampstoki, kama ninavyoichukia mimi, na bado akaona kwamba dola isiyohesabu ni wangapi inaowageuza wahalifu imejipa wepesi ambao haifai kuwa nao.

Waliopinga walionya kwamba wepesi huo hautaishia kwenye kifaa kimoja, na mambo yaliyofuata hayakuwapinga. Januari 2023, chini ya rais wa chama kingine, ATF ilitumia njia ileile kwa vishikizo vya bastola, ambavyo humwezesha mpiga risasi kuifunga silaha mkononi na ambavyo vilibuniwa awali kwa ajili ya askari wastaafu wenye ulemavu. Navyo vilikuwa vimekubaliwa na idara tangu 2012, na idara ilikadiria kwamba viko takriban milioni 3. Mahakama ya shirikisho huko Texas ikaifuta kanuni hiyo Juni 2024.

Tofauti ya pande hizi mbili inaonekana vizuri zaidi tukirudi kwenye tamko la NRA. Chama hicho hakikuliomba Bunge litunge sheria; kiliiomba idara. Siku moja kabla yake, Seneta Dianne Feinstein wa California alikuwa amewasilisha muswada wa kuharamisha vifaa hivyo, na hata baadhi ya wabunge wa Republican walikuwa wakisema hadharani kwamba wako tayari kuliangalia suala hilo. Ilikuwa nafasi adimu. Jambo lilipohamishiwa ATF, wabunge waliokuwa na hofu ya kupiga kura walipata pa kujificha, na muswada ukafa. Feinstein mwenyewe, ambaye hakuna aliyewahi kumshuku kuwa rafiki wa bunduki, alionya kwamba kanuni ya idara iliyokwisha kusema haina mamlaka hayo ingeishia mahakamani. Juu ya hilo, yeye na wapinzani wakali zaidi wa udhibiti walikuwa wakisema jambo moja, na ni wachache mno walioliona.

Ndivyo ilivyokuwa. Michael Cargill, mwenye duka la bunduki mjini Austin, alisalimisha bampstoki zake 2 huku akipinga, kisha akashitaki. Tarehe 14 Juni 2024 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi kwa majaji 6 dhidi ya 3. Jaji Clarence Thomas alieleza, kwa michoro ya mtambo wa ndani ya bunduki, kwamba kila risasi bado inahitaji kifyatulio kiachiwe na kubonyezwa upya, hivyo hakuna tendo moja linalotoa risasi nyingi. Jaji Sonia Sotomayor, akiwaandikia wachache, alisema ndege anayetembea, kuogelea na kulia kama bata ni bata. Kwa maoni yake, mpiga risasi hufanya tendo moja na risasi hufuatana. Ninakiri kwamba maelezo ya Sotomayor yananigusa, na kwa mtu aliyekuwa uwanjani Las Vegas tofauti anayoichora Thomas haiwezi kuwa na maana yoyote. Lakini mhalifu huhukumiwa kwa maneno ya sheria, na maneno ya 1934 yanazungumzia kifyatulio, hayazungumzii kasi.

Tazama basi hesabu ya miaka hiyo. Marufuku iliyopatikana kwa njia ya mkato ilidumu miaka 5 na kuanguka yote. Florida na Nevada, ambazo mabunge yao yalipiga kura na kutunga sheria mwaka 2018 na 2019, bado zina marufuku zao, kwa kuwa uamuzi wa Cargill ulihusu mamlaka ya ATF na haukugusa sheria za majimbo.

Jaji Samuel Alito, aliyekuwa upande wa wengi, aliandika kwamba dawa ni rahisi: Bunge linaweza kuirekebisha sheria. Siku nne baadaye Seneta Martin Heinrich wa New Mexico, ambaye mwenyewe ni mwindaji na mmiliki wa bunduki, aliomba Seneti ipitishe muswada wa bampstoki bila kupingwa, utaratibu unaozuiwa na pingamizi la seneta mmoja tu. Seneta Pete Ricketts wa Nebraska alipinga, na muswada ukakwama hapo. Wamiliki waliopigania kwa miaka 5 kwamba uamuzi huu ni wa Bunge wamepewa walichokidai, na muswada wa Heinrich haukuwa na kasoro waliyokuwa wakiilalamikia. Wale miongoni mwao wanaokubali, kama wamiliki wengine walivyosema 2017, kwamba kitako hiki hakimfai mwindaji wala mlinzi wa nyumba, sasa wana swali la kujibu ambalo ATF haipo tena kati yake na wao: kama Seneti italipigia kura, watawaambia maseneta wao wapige kura gani?