Meli za Kitalii Zikitazamwa Kutoka Chini

Watu wa Amu, yaani Lamu, wanaijua bahari, na kwa sababu hiyo hudhani kwamba wanazijua meli zote. Kila nirudipo likizo kutoka Southampton, mji ninaoishi na ninaopandia kazi yangu ya kuhudumu mezani katika meli za kitalii, swali la barazani huwa lile lile: kampuni ipi ni bora? Aulizaye huwa ameshaona kwenye simu picha za mabwawa ya kuogelea na mitelezo ya maji, na jibu analolitarajia ni jina la kampuni yenye meli kubwa kuliko zote. Maoni yangu ni kwamba ukubwa ni kipimo kibovu, na kwamba anayetaka kuzilinganisha kampuni hizi kwa haki hana budi kuanzia chini, kwenye sitaha wanazolala wafanyakazi, ndipo apande juu kwa abiria.

Wingi wa majina, kwanza, si wingi wa wenye mali. Carnival, Princess, Holland America, Costa, AIDA, P&O Cruises na hata Cunard, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1840, zote zimo katika milki ya Carnival Corporation. Royal Caribbean inakwenda pamoja na Celebrity na Silversea, na Norwegian pamoja na Oceania na Regent, ilhali MSC, yenye makao Geneva, ni mali ya familia ya Aponte. Mara nyingi abiria wanaobishana juu ya kampuni mbili huwa wanabishana juu ya mifuko miwili ya kanzu moja.

Hata hivyo tofauti zipo, nazo ni za namna ya kuishi. Icon of the Seas ya Royal Caribbean, iliyoanza kazi Januari 2024 kutoka Miami, ina urefu wa mita 365 hivi, na ikijaa kabisa inaweza kubeba abiria wapatao 7,600 na wafanyakazi 2,350, yaani karibu watu elfu kumi. Humo mtu anaweza kumaliza juma zima bila kuitazama bahari kwa makini, kwa kuwa mengi ya kumshughulisha, kuanzia maduka hadi bustani, yamejengwa yakielekea ndani. Queen Mary 2 ya Cunard, iliyoanza safari mwaka 2004, ni ya aina nyingine, kwani iliundwa kwa ajili ya kuvuka Atlantiki, na safari yake ya kawaida baina ya Southampton na New York huchukua siku saba bila kutia nanga popote. Ina maktaba kubwa, ina chakula cha jioni kinachotaka mavazi rasmi, na ina hata vibanda vya kulaza mbwa, jambo ambalo nilipolieleza nyumbani hakuna aliyeniamini. Kampuni ya Viking imeshika njia yake: haipokei abiria walio chini ya umri wa miaka 18 na haina kasino, ingawa mvinyo upo. Kama mimi ndiye ningelipa nauli, ningechagua kuvuka Atlantiki bila kusita, kwa sababu siku zile za maji matupu ndizo zinazostahili kuitwa safari.

Lakini mimi silipi nauli, na walio wengi kati ya wanaoniuliza pia hawatailipa. Wao wanatafuta kazi. Katika meli kubwa kuna njia ndefu inayopita kutoka omo hadi tezi, karibu na usawa wa maji, ambayo abiria haioni kabisa. Kwenye meli za Wamarekani mabaharia huiita I-95, kwa jina la barabara kuu ya pwani ya mashariki ya Marekani. Humo hupita mboga, mashuka machafu, takataka, wapishi, waimbaji na mafundi, wote wakikimbizana na saa. Mhudumu hulala katika chumba kisicho na dirisha, chenye vitanda viwili vya kupandana, na mwenzake huenda ametoka Manila, Goa au Bali. Kazi ni siku saba kwa juma kwa muda wote wa mkataba, ambao kwa watu wa jikoni na mezani huwa miezi sita hadi tisa, wakati maofisa wa ngazi za juu aghalabu huenda makwao baada ya miezi mitatu au minne.

Sheria ipo. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2014, unaagiza mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Mapumziko hayo ya siku yanaweza kukatwa vipande viwili, mradi kimoja kisipungue saa sita, na ndiyo maana utawakuta wahudumu wamelala fofofo baada ya chakula cha mchana wakingoja zamu ya jioni. Ukizitoa saa hizo 77 katika juma, zinabaki 91, na kampuni isiyokuwa na huruma inaweza kuzidai karibu zote bila kuvunja sheria.

Hapo ndipo wazee wetu huniambia kwamba jahazi lilikuwa na utu zaidi. Ami yangu alikuwa baharia wa majahazi yaliyopeleka boriti za mikoko Uarabuni, kabla Kenya haijapiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Walikwenda na kusi, wakarudi na kaskazi, kwa hiyo muda wa kazi uliamuliwa na upepo, na nahodha alikula sinia moja na mabaharia wake. Hayo ni kweli, na sijawahi kuyaona ninakofanya kazi: kule maofisa wana chumba chao cha kulia, na sisi tuna chetu. Lakini siwafuati wanaolisifu jahazi kupita kiasi. Baharia aliyeugua njiani alitegemea dua na sifa ya nahodha wake, na mjane alipewa kile ambacho mwenye chombo alijisikia kutoa. Mimi nikiugua leo, mwenye meli anawajibika kwa matibabu yangu na kunirudisha kwetu. Kati ya sinia na hilo la pili, nachukua la pili, ingawa nalitamani sinia.

Upande wa ibada mambo ni afadhali kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mabaharia wa Kiindonesia ni wengi, hasa Holland America, na penye Waindonesia hapakosi watu wa kufuturu nao. Kibla hubadilika kadiri meli inavyogeuka, lakini simu zimelimaliza tatizo hilo.

Bakshishi ni suala zito zaidi. Kampuni kubwa za Kimarekani humtoza kila abiria kiasi maalumu kwa siku kwa ajili ya wahudumu, na mara nyingi abiria anaruhusiwa kwenda kaunta kuomba fedha hizo ziondolewe, bila mhudumu aliyemtumikia kujua amekosea nini. P&O Cruises, ambayo soko lake ni Waingereza, iliacha utaratibu huo mwaka 2019 ikaziingiza gharama hizo ndani ya nauli. Kwangu huo ndio ustaarabu, na ningependa hata manahodha wetu wanaowatembeza wageni Manda na Shela wapange bei moja iliyoandikwa, badala ya kungojea ukarimu wa mgeni mwishoni mwa matembezi.

Kijana wa dada yangu anataka kuingia kazi hii, na tayari wakala mmoja amemtaka fedha ili amtafutie nafasi. Mkataba ule ule wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kupatiwa kazi. Anachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia, pasipoti na hati nyingine za safari, lakini si viza. Nimemwambia aachane na wakala huyo, na kwa kampuni yoyote atakayoipata aulize kwanza mkataba ni wa miezi mingapi, bakshishi inagawanywaje, na mhudumu hupewa ruhusa ya kushuka bandarini mara ngapi. Miezi sita kwa mshahara mdogo ni bora kuliko miezi tisa kwa mkubwa, kwa sababu miezi hiyo mitatu ya ziada ndiyo inayokula arusi, mazishi na Maulidi. Mama yake anaona ni heri abaki Mokowe akivusha watu kwa mashua, na mimi naona mashua haitamlipia karo ya wadogo zake. Katika hilo mimi na dada yangu hatujaafikiana.