Somo la asubuhi kliniki linatosha?

Katika zahanati za Mtwara na Lindi, siku ya kliniki huanza na elimu ya afya. Akina mama wako kwenye mabenchi, watoto mapajani, nesi amesimama mbele anazungumzia chandarua, chanjo na lishe. Kisha foleni inaanza, na maelekezo ya dawa yanatolewa harakaharaka dirishani. Je, somo lile la jumla linatosha, au kila mgonjwa afundishwe peke yake?

Wanaosema linatosha wana hoja nzito. Nesi huyohuyo anapima uzito, anachanja, anagawa dawa, na akiitwa leba anakimbia. Akikaa na kila mmoja, mama aliyetoka kijiji cha mbali atarudi giza limeingia, na mwezi ujao huenda asije. Tena kwenye kundi, aliyeona haya kuuliza hupata jibu kupitia swali la mwenzake. Kwa mambo yanayowahusu wote, sioni haja ya kuyarudia kwa mmoja mmoja.

Ila dozi haiwahusu wote. Chukua mtoto wa kilo 12 aliyekutwa na malaria. Mseto wake, yaani dawa ya malaria, ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, kwa siku 3, na dozi ya pili hutolewa saa 8 zikishapita tangu ya kwanza. Nesi akiuliza "umeelewa?", atajibiwa "ndiyo, sista", kwa heshima tu. Akisema "hebu nieleze, mama, utampaje?", anaweza kusikia: "Asubuhi, mchana na jioni." Akiendelea kumuuliza atafanyaje mtoto akitapika, mama anaweza kushangaa: "Mbona tangu jana anatapika kila kitu, hata maji hayakai!" Hiyo ni dalili ya hatari. Mtoto huyo hapelekwi nyumbani na vidonge. Anahitaji sindano ya artesuneti, dawa ya malaria kali, na rufaa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotenganisha kumfundisha mgonjwa na kuamua tiba. Anayefundisha kwa kuuliza anapima upya. Mjamzito aliyepita wiki 20 mwenye presha ya 140/90 anaweza kunyamazia dalili za hatari, kichwa kinachomuuma na macho yanayoona ukungu, akidhani ni uchovu wa mimba, mpaka aulizwe.

Kwa maoni yangu somo la asubuhi libaki, na dakika chache zilizopo za ana kwa ana ziende kwa anayeanza dawa mpya, mjamzito mwenye presha na mgonjwa wa kisukari. Tena afundishwe atakayeitoa dawa. Msimu wa korosho mama yuko shambani tangu alfajiri na mtoto anabaki na bibi, kwa hiyo nesi aulize mapema nani atakuwa na mtoto mchana. Kama ni bibi na amekuja naye, yeye ndiye aeleze dozi, kwa Kimakonde au Kimwera ikibidi.