Ushuru wa Juni, alizeti ya Januari

Kila bajeti inapokaribia kusomwa hapa Dodoma, mjadala wa mafuta ya kula huibuka upya, na wachumi wengi ninaowaheshimu hukaa upande mmoja. Wanasema mkulima wa alizeti anabebwa na ushuru wa forodha, na anayelipia mbeleko ni mama lishe wa Majengo. Hoja hiyo ina uzito na sitaichakachua. Ila nadhani inamsoma vibaya mkulima wa Iramba na wa Kongwa, kwa kuwa inachukulia kwamba anachokililia ni ushuru mkubwa.

Tuanze na mama lishe, maana haki yake si ndogo. Mahitaji ya nchi yanakadiriwa kuzidi tani nusu milioni za mafuta kwa mwaka, na tunachozalisha hakitoshi. Pengo linazibwa na mawese, mengi kutoka Malaysia na Indonesia, ambako hekta moja ya michikichi hutoa mafuta mara kadhaa ya hekta yetu ya alizeti. Ukiyawekea ushuru wa asilimia 35, mzigo hauishii bandarini. Unasafiri mpaka kwenye duka la Chang'ombe ambako mafuta hupimwa kwa kikombe na kumiminwa kwenye chupa aliyokuja nayo mteja. Anayenunua ya shilingi mia tano leo na ya mia tano kesho hawezi kuweka akiba ya dumu la lita 20 bei ikiwa chini. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kipato chake huishia jikoni, kodi hii inambana yeye kuliko inavyombana mbunge au mimi ninayeandika haya.

Mwaka 2022 tuliliona hilo waziwazi. Vita ya Ukraine iliyumbisha biashara ya mafuta ya alizeti duniani, kisha Indonesia ikazuia mawese yake kuuzwa nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei. Bei zikapaa. Serikali ikalegeza masharti ya uagizaji, na sijui ni serikali gani inayotegemea kura ingefanya vinginevyo.

Mwaka uliofuata, 2023, wabunge wa Singida na Dodoma wakawa wanasimama bungeni kulalamikia bei ya alizeti iliyoporomoka. Hapo ndipo wachumi wenzangu wanapotikisa kichwa: ndiyo haohao, wanataka kulindwa. Mimi nawaomba watazame kalenda kabla ya kutazama viwango.

Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Desemba na kuishia Aprili. Alizeti hupandwa mvua zikishashika, kuanzia mwisho wa Desemba. Lakini uamuzi hufanyika mapema zaidi, Oktoba na Novemba, shamba likiwa linasafishwa: ekari ngapi ziende kwenye alizeti na ngapi kwenye mtama, atumie mbegu ya Record, aina ya zamani, aliyojiwekea mwenyewe au anunue chotara, akodi trekta au alime kwa ng'ombe wake. Akishaamua, fedha imeingia ardhini na haitoki hadi mavuno ya Mei na Juni. Katikati ya Juni, Waziri wa Fedha anasimama bungeni, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka shamba lile, anasoma kiwango kipya cha ushuru, na Julai mosi kinaanza kutumika.

Yaani mkulima amepanda akiwa na ushuru mmoja na anauza akiwa na mwingine, magunia yakiwa tayari yamepangwa uani. Hawezi kurudi Januari akapanda mtama. Mwagizaji anaweza kuchelewesha shehena, au kuiwahisha akisikia fununu kwamba kiwango kitapanda. Mfanyabiashara mwenye ghala Singida mjini anaweza kununua gunia na kulikalia mpaka Novemba. Mkulima ana ada ya mtoto na deni la palizi, hivyo anauza kwa bei anayoikuta. Gharama yote ya kutotabirika inamwangukia asiye na ghala.

Hali hii haitokani na uzembe wa mtu mmoja. Imo ndani ya utaratibu wenyewe. Tangu mwaka 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ngazi ya nne ya ushuru wa pamoja, asilimia 35, na mafuta ya kula yamo humo. Hata hivyo nchi mwanachama inaruhusiwa kuomba kutumia kiwango chake kwa mwaka mmoja, kisha iombe upya. Kwa miaka mingi tumeutumia mlango huo kwa bidhaa nyingi. Kwa bati au nguo, mwaka mmoja unaweza kuvumilika. Kwa zao ambalo uamuzi wake hufanyika miezi minane kabla ya kuuzwa, hiyo ni bahati nasibu.

Tena matokeo yake yanajizalisha. Mkulima asiyejua bei ya Julai hanunui mbegu chotara, ambayo bei yake inahitaji uhakika wa soko. Anarudia Record iliyochaguliwa kutoka mavuno ya mwaka jana, mbegu iliyochoka na yenye mafuta kidogo, na hatii mbolea. Anapata gunia chache kwa ekari. Kisha mchumi anachukua tija hiyo ndogo na kuifanya ushahidi kwamba zao halistahili kulindwa kwa sababu haliwezi kushindana. Nimeisikia hoja hii kwenye semina zaidi ya moja, na kila mara nashangaa jinsi inavyopita bila mtu kuuliza kwa nini tija ni ndogo.

Anayedhani ninatia chumvi akumbuke mbaazi. Tarehe 5 Agosti 2017, serikali ya India, baada ya mavuno yake makubwa, ilitangaza kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Mbaazi za Babati na Kongwa zilikuwa ndiyo zinaingia sokoni. Hakuna mkulima wetu aliyekuwa amekosea hesabu. Aliyepanda alipanda kwa soko lililokuwepo. Bei ilianguka vibaya, wengi wakaachana na zao, na India ilipofungua tena milango mwaka 2021 wengine walikuwa wamekwisha hamia kwenye ufuta. New Delhi ilikuwa inamlinda mkulima wake, na haikuwa na deni kwa mtu wa Kongwa. Lakini tulilalamika sana, na kwa haki, kwamba tulibadilishiwa masharti mchezo ukiwa umeanza. Sisi wenyewe tunamfanyia hivyohivyo mkulima wa alizeti.

India pia ina somo kwenye mafuta, na haliegemei upande wangu peke yake. Mwaka 1986 ilianzisha mpango mkubwa wa mbegu za mafuta, na kufikia miaka ya 1990 ilikaribia kujitosheleza. Ikafungua soko kuanzia 1994, na leo ndiyo mwagizaji mkubwa kuliko wote duniani. Zaidi ya nusu ya mafuta yake yanatoka nje. Mchumi wa upande wa pili atasema: na kuna ubaya gani? Mamilioni ya maskini wa mijini walipata mafuta ya bei nafuu. Ni kweli. Lakini hawakupata utulivu. Septemba 2024, muda mfupi kabla ya mavuno ya soya na miezi miwili kabla ya uchaguzi wa jimbo la Maharashtra, ushuru wa msingi wa mafuta ghafi ulipandishwa kutoka sifuri hadi asilimia 20. Mwishoni mwa Mei 2025 ukashushwa hadi asilimia 10. Na kwa muda wote huo soya iliendelea kuuzwa chini ya bei ya chini iliyotangazwa na serikali, kwa sababu sehemu kubwa ya punje ya soya ni mashudu, yaani masalia yanayobaki baada ya kukamua mafuta, na soko la mashudu lilikuwa baya. Ushuru hauwezi kurekebisha hilo.

Mashudu yana maana hata kwetu. Wapo wakamuaji wanaoyachukua kama malipo ya kukamua, na mfugaji wa kuku Dodoma anayategemea. Mjadala wa bungeni huyasahau kabisa.

Kuna jambo la tatu ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Mwanauchumi wa Marekani Mancur Olson alieleza zamani kwamba wachache wenye maslahi makubwa hujipanga kirahisi kuliko wengi wenye maslahi madogo. Kwetu mjadala unatangazwa kama pambano la mkulima na mlaji, na wote hao ni wengi, wametawanyika, hawana chama chenye nguvu. Aliyejipanga yuko katikati: msafishaji mkubwa anayeagiza mawese ghafi. Bajeti ya 2018/19 iliweka asilimia 25 kwa mafuta ghafi na 35 kwa yaliyosafishwa. Tofauti hiyo ya asilimia 10 ni ulinzi wa kiwanda. Mkulima hulindwa na kiwango cha mafuta ghafi tu, maana anayeshindana na gunia lake ni mawese yanayokuja kusafishwa hapa. Tukimtaja mkulima kila tunapotetea ile 35, tunamtumia kama kinga ya mtu mwingine.

Basi ningekubali kiwango cha chini kuliko wanachodai wabunge wa kanda ya kati, hata asilimia 15 kwa mafuta ghafi, ili mradi kitangazwe Oktoba kwa mavuno yajayo na kidumu misimu mitatu. Wanaopinga watasema serikali haiwezi kujifunga mikono huku dunia ikiwa na mambo kama ya 2022. Pingamizi hilo ni la kweli. Jibu langu ni kuandika kanuni mapema: bei ya mawese duniani ikivuka kiwango fulani, ushuru unashuka kwa kiasi kinachojulikana, na ikirudi, nao unarudi. Mama lishe anapata nafuu yake wakati wa dhiki, na mkulima hadhuriki sana, kwa kuwa bei ikipaa duniani hata gunia lake linapaa. Kinachomuua ni ushuru kubaki chini baada ya bei ya dunia kushuka, na ndicho alichokutana nacho 2023.

Sheria za Jumuiya hazitaruhusu hili kirahisi, na itabidi Tanzania ilijadili Arusha kabla ya kulipeleka bungeni. Wasafishaji nao watalipinga kimyakimya, kwani kanuni iliyoandikwa huondoa haja ya kumwona mtu kila Mei. Wabunge wa Singida na Dodoma wanaweza kuanza na jambo dogo zaidi: maswali yao ya ushuru wayapeleke kwenye mkutano wa Novemba, wakati mbegu haijanunuliwa, na waulizie kiwango cha mafuta ghafi.