Meli Imekwama Nangani, Lawama Inaangukia Injini

Naunga mkono sheria za moshi wa meli. Inayonikera ni moja tu: CII, kipimo cha kaboni kilichoanza Januari 2023.

Nyingine zimefanya kazi nzuri. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) lilishusha kiwango cha salfa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Wenye meli wakanunua mafuta safi zaidi, au wakafunga mtambo wa kuosha moshi, au wakaagiza injini zinazotumia gesi. Sheria za kupunguza kaboni ndizo zilizowarudisha wabunifu kwenye propela. Ukipunguza kasi ya meli kwa asilimia 10, nguvu inayohitajika kuisukuma hupungua kwa karibu asilimia 27. Kwa hesabu hiyo, meli mpya hupewa injini yenye pistoni za mwendo mrefu inayozunguka taratibu, ikiendesha propela pana. Nyingi za zamani zimewekewa kikomo cha nguvu, kama mabasi ya mikoani yalivyofungwa vidhibiti mwendo. (Tofauti ni kwamba nahodha hana abiria wa kumpigia kelele aongeze moto.)

Sasa tazama CII. Wanachukua kaboni ya mwaka mzima, wanaigawa kwa uwezo wa meli uliozidishwa na maili ilizosafiri, kisha meli inapewa daraja kuanzia A hadi E. Nasema uwezo, si shehena iliyobebwa. Meli tupu inayozurura baharini inaweza kupata alama nzuri. Iliyosheheni ngano ya kwetu, ikisubiri gati nje ya bandari ya Dar, inawasha jenereta usiku na mchana bila kuongeza hata maili moja. Daraja linashuka, na anayeambiwa ajirekebishe ni mwenye meli.

Abadili injini? Injini kuu hapo imezimwa! Tena mikataba mingi ya kukodi meli humlazimisha nahodha akimbie ili awahi foleni, kwa sababu saa za kusubiri huanza kuhesabiwa akishafika. Anachoma mafuta kuwahi kusubiri.

Bandari ingemtajia siku ya gati akiwa bado katikati ya Bahari ya Hindi, angepunguza mwendo. IMO nayo itenganishe saa za nangani na daraja la meli, izipeleke kwenye hesabu ya bandari husika, hata kama bandari hiyo ni yetu.