Mheshimiwa Anataka Kiti Chake

Siku hizi kila ninakokaa swali ni moja: eti yule mwanasiasa wa msimamo, aliyeng'olewa kwenye uongozi wa chama, anaweza kuibuka akakiongoza tena? Kwenye basi, swali. Kwenye foleni, swali. Nimeinamisha kichwa kinyozi ananitengeneza kisogo, naye ananiuliza, halafu ananijibia mwenyewe kwamba atarudi. Nikakubali. Mtu aliyeshika wembe shingoni mwako humbishii.

Nikikimbilia nyumbani namkuta shemeji. Huyu shemeji alikuja kutusalimia, na salamu hazijaisha mpaka leo. Ana uhakika na kila jambo duniani isipokuwa tarehe ya kuondoka. "Shemeji," ananiambia, "mtu wa msimamo hafi kisiasa. Anapumzika tu." Anasema hivyo akiwa amekaa kwenye kochi langu. Nilinyanyuka mara moja kwenda kunywa maji, niliporudi nikamkuta keshajitandaza. Nilipomkodolea macho akaniambia, "Lakini shemeji, si ulikuwa umeondoka?" Sasa mimi kiti cha sebuleni kwangu kimenishinda kukirudisha, na hakina gari wala walinzi wala watu wa kucheka vichekesho vyangu. Cha chama kinavyo vyote hivyo. Nani atakiachia?

Halafu tusidanganyane kuhusu huo msimamo. Mtu wa msimamo ni yule anayekwambia kabla ya uchaguzi jambo litakalouma, akishinda analifanya kweli. Sisi wananchi tunampenda sana mtu huyo, hasa likiwauma wengine. Likifika kwako, anaitwa mkaidi. Wabunge wake ndio usiseme. Wao wana msimamo mmoja tu, nao ni kurudi bungeni.

Muulizeni Margaret Thatcher. Aliingia madarakani Uingereza mwaka 1979, sifa yake kubwa ikiwa kwamba hageuki nyuma. Chama chake kikampigia makofi miaka 11. Ilipokuja ile kodi ya kichwa, wananchi wakawaka, wabunge wakaanza kuota viti vyao vinateketea, na makofi yakakata. Novemba 1990 wabunge wa chama chake wakapiga kura ya nani awaongoze: yeye akapata 204, mpinzani wake Michael Heseltine 152. Nilisoma hesabu kwa shida lakini 204 naona ni kubwa kuliko 152. Kumbe kanuni zao zilitaka amzidi kwa asilimia 15 ya wabunge wote wa chama! Akapungukiwa kura 4, mawaziri wake wakamshauri mmoja mmoja aachie ngazi, akaachia. Hakuongoza chama tena. Ameshinda, kaondoka. Wajumbe si watu wazuri, hilo liko dunia nzima.

Shemeji akatikisa kichwa. "Huyo alitoka nje ya nyumba, shemeji. Anayetaka kurudi, anabaki ndani."

Nikamtazama. Nadhani alikuwa anazungumzia siasa.

Akanipa mfano wake, na kwa bahati mbaya ulikuwa mzuri. John Howard wa Australia. Mwaka 1989 chama chake kilimwondoa uongozini, na waandishi walipomuuliza kama anaweza kurudi siku moja, akasema mwenyewe kwamba huyo atakuwa Lazaro aliyefanyiwa upasuaji wa moyo wa mishipa mitatu. Yaani hata marehemu mwenyewe hakuamini ufufuo wake. Lakini hakwenda popote. Alikaa bungeni akiwatazama wenzake wakikijaribu kiti: Andrew Peacock, akashindwa uchaguzi; John Hewson, akashindwa uchaguzi ambao kila mtu alidhani ameshaushinda; Alexander Downer, miezi kama minane hivi, hata uchaguzi hakuuona. Januari 1995 wakamgeukia Howard, tena bila kupingwa. Mwaka uliofuata akawa waziri mkuu, akakaa mpaka 2007.

"Unaona?" shemeji akasema, akanyoosha miguu.

Naona. Lakini naona na kilichofuata, ambacho watu wa vijiweni hawakisemi. Howard alipokuwa anarudi aliulizwa kuhusu kodi ya mauzo, ambayo yeye alikuwa muumini wake wa siku nyingi na wananchi hawakutaka hata kuisikia. Akajibu mwaka 1995 kwamba haitakuwepo kamwe, abadani. Akapewa nchi. Mwaka 1998 akaenda kwenye uchaguzi nayo mkononi, na Julai 2000 kodi ikaanza, asilimia 10. Sasa niambieni, huyo ni mtu wa msimamo au kigeugeu? Mimi naona alikuwa na msimamo kuhusu kodi na hakuwa na msimamo kuhusu neno "kamwe". Na mlipaji, kama kawaida, ni mtu wa aina yangu, aliyelala akiwa na ahadi akaamka ana risiti.

Wapo wasiobaki ndani wakarudi vilevile. Charles de Gaulle alijiuzulu uongozi wa serikali ya Ufaransa Januari 1946 akiamini nchi itamfuata kumbembeleza. Ukisusa, wenzio wala. Wakala miaka 12. Katikati akaanzisha vuguvugu lake mwenyewe, nalo likanyauka. Aliyemrudisha mwaka 1958 ni moto wa Algeria, iliyokuwa chini ya Ufaransa ikipigania uhuru, majenerali walipoasi na wanasiasa wa Paris wakaishiwa pumzi. Wakati huo alikuwa na miaka 67. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema mheshimiwa wetu atarudi kwa sababu chama kinampenda, nasikia kizunguzungu. Chama hakimkumbuki mtu kwa mapenzi. Kinamkumbuka siku kiliowaweka wameboronga kiasi kwamba yule mkaidi anaanza kuonekana mwenye busara. Kama waliomrithi ni wazuri, basi kakaangwa, hata awe na msimamo wa chuma cha pua.

Na mengine yanategemea nani anahesabu kura. Jeremy Corbyn, kiongozi wa chama cha Labour cha Uingereza, mwaka 2016 alikataliwa na wabunge wake 172 kwa 40. Mimi kwa aibu hiyo ningehama mji. Yeye akaenda kwa wanachama wa kawaida, wakamrudishia kiti kwa karibu asilimia 62, na wale 172 ikabidi waendelee kumwamkia asubuhi. Tatizo likaja kwa wapiga kura wa nchi, ambao hawana kadi ya chama. Mwaka 2019 wakamchapa vibaya.

Lakini anayenikera kuliko wote ni Malcolm Turnbull, Australia tena, sijui kule kuna nini. Huyu alikuwa na msimamo kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2009 alisema wazi hataongoza chama kisicho na dhamira kama yake juu ya jambo hilo. Chama kikamwambia sawa, na Desemba mwaka huohuo kikamwondoa, kikamweka Tony Abbott. Turnbull akasubiri. Septemba 2015 akamng'oa Abbott kwa kura 54 kwa 44. Nikasema haya, leo haki imerudi. Kufungua mlango, akabaki na sera ileile ya tabianchi ya Abbott! Ndiyo iliyokuwa nauli ya kurudia. Yaani mtu kaondolewa kwa sababu ya mzigo, akaruhusiwa kurudi kwa sharti auache mzigo mlangoni. Na bado haikumsaidia: Agosti 2018 sera ya nishati ikawagombanisha tena, akatoka mara ya pili.

"Lakini alirudi," akasema shemeji.

Alirudi nani, shemeji? Suti ilirudi.

Hakunijibu, alikuwa anatafuta rimoti, ambayo alikuwa ameikalia. Nikaona nitumie nafasi hiyo kumsimulia kuhusu ile kura ya 2009, maana ndiyo siwezi kuisahau. Raundi ya mwisho walibaki wawili tu, Abbott na Turnbull. Abbott 42, Turnbull 41. Pengo la kura moja. Na kulikuwa na karatasi moja iliyoharibika. Mtu mzima, mbunge, kapewa karatasi achague kati ya watu wawili nani aongoze chama, chama kinaning'inia kwenye uzi, na yeye akashika kalamu akaandika: "Hapana."

Wamebaki wanalaumiana misimamo, kumbe mwenye msimamo alikuwa huyo. Huyo ningempigia kura kesho asubuhi, tatizo kura ilikuwa ya siri.