Albamu za Krismasi Zinazostahimili Joto la Unguja

Ifikapo Disemba hapa Unguja mvua za vuli huwa zinaelekea ukingoni, kaskazi huanza kuvuma, na joto la mchana humfanya mtu atafute kivuli kabla ya kutafuta muziki. Kwa hali hiyo, sehemu kubwa ya nyimbo za Krismasi zinazopigwa katika hoteli za pwani hunipita bila ya kunigusa, kwani habari zake ni za theluji, makoti mazito na kengele za farasi. Hata hivyo zipo albamu chache ninazozirejea kila mwaka, kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio hadi sikukuu ya Epifania, na naamini zimedumu kwa sababu moja: ukiziondolea theluji na kengele, inabaki sauti ya mwanadamu inayotangaza kwamba mtoto amezaliwa, na sauti hiyo haihitaji baridi ili isikike.

Ya kwanza kwangu, bila ya kusitasita, ni ya Mahalia Jackson iitwayo Silent Night: Songs for Christmas, iliyotoka mwaka 1962. Mahalia alizaliwa New Orleans mwaka 1911, akalelewa katika uimbaji wa kanisa la Kibaptisti, na maisha yake yote alikataa kuiacha Injili ili aimbe muziki wa kidunia, ingawa ungeweza kumpatia fedha nyingi zaidi. Katika albamu hii haharakishi jambo. Neno moja hulivuta mpaka ukadhani mstari umekatika, kisha huliteremsha taratibu, na ala zinazomsindikiza hulazimika kumngojea. Wimbo ninaourudia zaidi humo ni Go Tell It on the Mountain, ambao asili yake ni watumwa weusi wa Marekani. Mtunzi wake hana jina. Kilichopo ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 John Wesley Work wa Chuo Kikuu cha Fisk, naye akiwa Mmarekani mweusi, aliuhifadhi katika maandishi usije ukapotea pamoja na wazee waliouimba.

Kwa msikilizaji wa Zanzibar wimbo huo una uzito wa pekee. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sultani Sayyid Barghash, na katika uwanja huohuo Askofu Edward Steere akasimamia ujenzi wa Kanisa la Kristo, ambamo ibada ya kwanza ilifanyika siku ya Krismasi ya mwaka 1877. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, na inasimuliwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Sijui mahali pengine duniani ambapo wimbo wa Krismasi uliotungwa na watumwa ungestahili kuimbwa zaidi ya hapo. Nikimsikia Mahalia akiwaambia watu waende wakatangaze mlimani, huwafikiria waliopita Mkunazini wakiwa na minyororo, wengi wao wakiwa wametoka bara kwa miguu hadi Bagamoyo na Kilwa kabla ya kuvushwa kwa majahazi, na Krismasi kwangu huacha kuwa sikukuu ya mapambo.

Uzi huohuo wa kihistoria unapita katika albamu ambayo wengi wetu tunaijua kwa moyo, nayo ni Christmas Album ya Boney M., ya mwaka 1981. Kundi hili liliundwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian, lakini waimbaji wake walikuwa na asili ya visiwa vya Karibi; Liz Mitchell, ambaye sauti yake ndiyo nguzo ya albamu, ni mzaliwa wa Jamaika. Wimbo wake maarufu, Mary's Boy Child, walikuwa wamekwisha kuutoa mwaka 1978 wakauunganisha na kipande chao kipya, na mwaka huo ukashika nafasi ya kwanza Uingereza wakati wa Krismasi. Wanaousikia kama muziki wa dansi tu wanausahau mzizi wake. Aliyeutunga ni Jester Hairston, mjukuu wa watumwa, na Harry Belafonte ndiye aliyeutambulisha kwa ulimwengu mwaka 1956. Tena ni wimbo wenye mwendo wa kisiwani, na pengine ndiyo sababu sisi wa visiwa vingine tuliupokea kana kwamba ni wetu. Kanda za Boney M. zilipigwa mpaka zikalegea kwa joto, sauti ikawa inayumba, na bado watu hawakuzima redio.

Jim Reeves naye aliurekodi wimbo huo katika Twelve Songs of Christmas ya mwaka 1963, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake katika ajali ya ndege. Usikilize wake baada ya ule wa Boney M., utaona tofauti. Reeves aliimba midomo ikikaribia kugusa maikrofoni, kwa sauti nzito isiyopanda juu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Ni albamu ya usiku, baada ya wageni kuondoka na sahani za pilau kuoshwa.

Kuhusu Nat King Cole, nina hoja ambayo sijaiona ikitolewa. Albamu yake ya mwaka 1960, The Magic of Christmas, iliyotolewa upya mwaka 1963 kwa jina la The Christmas Song, ina fidla nyingi, na masikio yaliyolelewa na taarabu huzipokea fidla hizo bila ya ugeni wowote. Tangu kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kianzishwe mwaka 1905, mji huu umezoea kumsikia mwimbaji akitanguliwa na kundi la nyuzi linalomwandalia njia. Na theluji ya humo isitutishe. Wimbo uliobeba jina la albamu ya pili ulitungwa na Mel Tormé na Bob Wells mwezi wa Julai 1945, California, katika joto kali, kwa kujaribu kujiburudisha kwa mawazo ya baridi. Irving Berlin naye alipoandika White Christmas aliufungua kwa beti la jua, michungwa na mitende ya Beverly Hills, beti ambalo Bing Crosby hakuliimba aliporekodi mwaka 1942. Nyimbo hizo ni za hamu, na hamu Mzanzibari yeyote mwenye ndugu Muscat au London anaifahamu.

Albamu ya Mariah Carey ya mwaka 1994 naiheshimu kwa uwezo wa sauti yake, lakini imepigwa mno madukani hata imechosha. Freddie Mercury, mzaliwa wa hapa Mji Mkongwe, aliimba wimbo mzuri wa Krismasi pamoja na Queen mwaka 1984, ila hawakuwahi kuujengea albamu.

Waimbaji wa kwaya watauliza kuhusu mtunzi Handel. Ile tunayoiita Aleluya Kuu hufunga sehemu ya pili ya utungo wake wa Messiah, inayohusu mateso na ufufuo; habari ya kuzaliwa imo katika sehemu ya kwanza, inayoanza na maneno ya Isaya, "Watulizeni mioyo." Nawashauri waisikilize sehemu hiyo nzima katika rekodi ya Christopher Hogwood ya mwaka 1980, iliyotumia ala za zama za Handel na kwaya ya Kanisa la Kristo la Oxford, yenye sauti za watoto wa kiume.

Kinachokosekana katika orodha yangu ni albamu kutoka hapa. Mkunazini na katika kanisa Katoliki la Minara Miwili kuna kwaya zenye sauti nzuri, na katika chuo cha muziki cha DCMA vijana hufundishwa ala za nyuzi za udi na kanuni. Nataka kusikia "Usiku Mtakatifu" ukianzishwa kwa kanuni peke yake, kisha sauti za akina mama zikaingia bila ya kinanda cha umeme. Wanaoweza kulifanya jambo hilo wanaishi kwa umbali wa dakika chache kwa miguu, na mwezi wa Januari, kwaya zikiwa bado na mazoezi ya sikukuu kooni, ndio wakati wa kukutana.